Ukurasa wa Fundi: Kijana Aliyetia Injini Katika Baiskeli

Juma hili sina budi kuyaweka kando maswali ya mabati na ya pampu niliyoahidi kuyajibu, kwa kuwa nimepata barua moja isiyoweza kungoja. Imetoka kwa mzee mmoja, mkulima wa nyanda za juu, naye ataka shauri kabla hajatwaa shoka.

Mzee huyo ana mwana wa miaka 19. Kila alfajiri kijana hupeleka lita 20 za maziwa katika kituo cha kupoza maziwa, mwendo wa kilomita 9. Kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima, na baiskeli nzito hupanda mlima huo kwa kusukumwa tu. Katika banda lao palikuwa na jenereta ndogo ambayo sehemu yake ya umeme iliungua zamani, walakini injini yenyewe ilikuwa hai. Kijana akaifungua, akauondoa upande wa umeme, akaifunga injini mbele ya usukani, juu ya gurudumu la mbele, kwa vyuma vya kitanda kibovu. Katika mhimili wake akatia kipande cha bomba, kikawa rola ya kulisukuma tairi kwa kusuguana nalo. Springi mbili za kiti cha gari zikaishikilia rola isiachane na tairi. Petroli akaitia katika chupa ya plastiki.

Jumamosi ya kwanza kijiji kizima kilitoka kutazama. Baiskeli ilipanda mlima pasipo mtu kukanyaga pedali, na wazee waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Jumatatu yake kijana akatia maziwa mbele, akampakia dada yake wa miaka 9 nyuma ili amfikishe shuleni, akashika njia ya mteremko. Manyunyu yalikuwa yameanguka. Karibu na daraja akabana breki, na breki hazikushika. Injini nayo ikaendelea kusukuma, kwa maana haikuwa na swichi ya kuizima, na rola haikuwa na kitu cha kuiinua. Wote wawili wakaingia mtaroni. Kijana alichubuka tu. Mtoto alivunjika mkono.

Mzee asema kwamba mama wa watoto hajasema na kijana tangu siku hiyo, na kwamba kijana mwenyewe hali chakula mezani pamoja na wenziwe. Swali lake ni moja: je, akivunje chuma hicho, yakome?

Mzee wangu, kwanza nakupa pole, na mtoto umpe pole yangu. Jibu langu ni hili: usikivunje. Lakini kisitembee tena jinsi kilivyo, hata hatua moja. Nitaeleza sababu zangu zote mbili, na kijana akae kando yako uisomapo habari hii.

FUNDI WA HAMAMATSU

Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, miji yake mingi ilikuwa majivu. Petroli ilitolewa kwa mgao, na treni zilijaa watu kupita kiasi. Katika mji wa Hamamatsu alikuwako fundi mmoja, Soichiro Honda, aliyezaliwa mwaka 1906. Mwaka 1946 alikuta injini ndogo iliyotengenezwa kwa kuendesha jenereta ya simu ya upepo ya jeshi. Jeshi lilikuwa limekwisha kuvunjwa, na injini kama hizo zilikuwa zimelala bila kazi. Akaifunga mojawapo katika baiskeli ya kawaida. Tangi lake la kwanza la petroli lilikuwa chombo cha maji ya moto, cha namna ambayo Wajapani hukitia kitandani wakati wa baridi.

Tazama basi, mzee wangu: injini ya jenereta, baiskeli ya kawaida, na tangi la kubahatisha. Mwanao hakufanya upuuzi. Alifanya jambo lile lile alilolifanya mtu ambaye kampuni yake, iliyoandikishwa mwaka 1948, ndiyo leo inayotengeneza pikipiki nyingi kupita zote duniani. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kukuzuia usitwae shoka.

Lakini kijana asivimbe kichwa, maana habari haijaisha. Honda naye aliiweka injini yake ya kwanza mbele, juu ya gurudumu, na rola ikisugua tairi. Akaona kwamba tairi zinalika upesi. Hakusema kwamba ndivyo zilivyo tairi. Aliifungua kazi yake mwenyewe, akaihamisha injini, akalisukuma gurudumu la nyuma kwa mkanda.

Kisha akampa mkewe, Bibi Sachi, aijaribu baiskeli mbele ya watu. Bibi akazunguka nayo mjini. Aliporudi, suruali yake nzuri ilikuwa imechafuka kwa mafuta yaliyorushwa na kabureta. Akamwambia mumewe waziwazi kwamba chombo hicho hakifai, na kwamba wanunuzi watakuja kumgombeza. Honda alikubali kwamba huenda ni kweli, na baadaye alilitengeneza kosa hilo. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeunda chombo hukitazama kwa jicho la mzazi. Aliyekipanda ndiye ajuaye kunguni.

Injini zile za jeshi zilikuwa kiasi cha 500 tu, nazo zikaisha. Ndipo mwaka 1947 alipotoa injini ya kwanza aliyoitengeneza mwenyewe, yenye ukubwa wa sentimeta 50 za ujazo, nayo ilifungwa katika baiskeli. Kama hangalisikia ya tairi na ya suruali, nani angalinunua?

Hapo yaonekana tofauti baina ya fundi na mbahatishaji. Wote wawili hukosa. Fundi husikiliza kosa lake.

KOSA LILIKUWA WAPI

Sasa tulitazame la mtaroni. Mzee amenipelekea vipimo pamoja na barua, nami nimevipigia hesabu.

Jenereta ndogo za namna hii hutengenezwa zizunguke mara 3,000 kwa dakika, maana ndivyo umeme wetu unavyotaka. Bomba lililofanywa rola lina upana wa sentimeta 5, yaani mzunguko wake ni kama sentimeta 15.7. Zidisha kwa 3,000, utapata mita 471 kwa dakika, ndiyo kilomita 28 kwa saa. Lakini kijana aliing'oa gavana ya injini, kile kidude kinachoizuia isipite kiasi chake, kwa kuwa alitaka nguvu zaidi. Injini hiyo ikifika mizunguko 4,500, rola itataka kwenda kilomita 42 kwa saa. Na hayo ni pasipo kuhesabu msukumo wa mteremko.

Breki za baiskeli yake ni zile za vijiti, ambazo raba yake hubana rimu ya chuma kilichong'arishwa. Kwa mtu anayekanyaga pedali katika siku kavu zatosha. Rimu ikilowa, raba huteleza juu yake kama sabuni juu ya sahani.

Tena kuna hesabu ambayo kila mwenye chombo cha magurudumu yampasa aijue kama ajuavyo jina la babake. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji ili kukisimamisha chombo huzidi mara nne, wala si mara mbili. Chukua breki njema na njia kavu. Ukienda kilomita 15 kwa saa, breki zitakusimamisha katika kiasi cha mita 3. Ukienda kilomita 30, zitataka mita 12. Ongeza na nafasi unayoipita kabla mkono haujabana: kwa sekunde moja tu utakwenda mita 4 katika mwendo wa kwanza, na mita 8 katika mwendo wa pili. Jumla ni mita 7 na mita 20. Hizo ni breki njema. Breki za vijiti zilizolowa sizitajii kipimo.

Jambo la tatu ni uzito uliokaa juu na mbele. Hata hili si kosa jipya. Huko Paris, mwaka 1897, ndugu wawili, Michel na Eugène Werner, walianza kuuza baiskeli yenye injini juu ya gurudumu la mbele. Ilipendwa sana, lakini katika njia zilizolowa ilikuwa tayari kuteleza na kuangusha mtu, kwa sababu uzito ulikaa juu. Mwaka 1901 wakaishusha injini hata chini, mahali pa pedali, katikati ya magurudumu mawili. Tangu wakati huo pikipiki karibu zote zimefuata mpango huo. Basi kijana wetu, asiyewasikia ndugu hao, amelipa karo ya somo lililokwisha kulipwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ubaya ni kwamba karo ililipwa kwa mkono wa mtoto.

KWANZA KUSIMAMA, KISHA KWENDA

Mwanangu, sasa nasema nawe. Ulianza na injini. Siku hii utaanza na breki. Injini ifungue, ipake mafuta, ifunge katika gunia, umpe babako aiweke chini ya kitanda chake. Hutaiona mpaka kazi zifuatazo zimekwisha.

Kazi ya kwanza ni fremu. Ipanguse kwa mafuta ya taa hasa penye maungio na penye uma wa mbele. Ikaushe kwa kitambaa, kisha ipake unga wa chaki. Pakiwa na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Fremu yenye mstari huo si fremu tena, haichomelewi, hutupwa. Hata fremu nzima usiichomelee vipande vya kushikia injini ovyo, kwa maana mabomba yake ni membamba na moto huyadhoofisha. Tumia vibano vya chuma vyenye raba ndani, na nati ambazo hazilegei kwa mtetemeko.

Kazi ya pili ni breki yenyewe. Kwa mafundi wa pikipiki za bodaboda hukosi pikipiki iliyokufa ambayo gurudumu lake la mbele lina breki ya ngoma. Nunua kitovu hicho, na mwombe fundi wa baiskeli akifunge katika rimu imara kwa spoku nene. Breki ya ngoma hubana ndani, mvua haiifikii upesi. Lakini angalia neno hili: sahani ya breki hiyo ina mkono wake, na mkono huo sharti ufungwe imara katika uma wa baiskeli. Usipofungwa, siku utakayobana, sahani yote itajizungusha pamoja na gurudumu na kukata waya. Breki ya nyuma iwe yake mbali, na waya wake mbali, ili moja ikikatika nyingine ibaki.

Kazi ya tatu ni majaribio pasipo injini. Tafuta mteremko mpole usio na watu. Chora mstari wa majivu njiani. Shuka kwa mwendo ule unaokusudia kwenda nao, bana breki unapofika penye majivu, na babako apime kwa hatua mpaka uliposimama. Fanya hivyo mara kumi, ukaandike kila kipimo katika daftari. Kisha mwagia rimu na njia maji, ufanye mara kumi nyingine. Kisha funga nyuma gunia la mchanga lenye uzito wa maziwa yako, ufanye tena. Babako ndiye hakimu. Asiporidhika, injini itakaa chini ya kitanda.

INJINI IKIRUDI

Akiridhika, injini na irudi, lakini isirudi juu ya gurudumu la mbele. Iweke chini, ndani ya pembetatu ya fremu, isukume gurudumu la nyuma kwa mkanda wa kinu cha posho uliotupwa bado mzima. Gavana irudishwe mahali pake na isiguswe. Mtambo uliotengenezwa kwa mizunguko 3,000 ukiulazimisha kupita hapo, huweza kupasuka, na gurudumu zito lake likiruka halichagui nani wa kumpiga.

Hesabu yako ni hii. Gurudumu la baiskeli la inchi 28 huenda kama mita 2.2 kila lizungukapo. Kwa kilomita 20 kwa saa, nao ni mwendo wa kumtosha mchukuzi wa maziwa, litazunguka kama mara 150 kwa dakika. Injini yazunguka 3,000. Basi yakupasa kuupunguza mwendo mara 20. Puli ya sentimeta 5 ikisukuma ya sentimeta 10 hupunguza mara 2. Kisha nyingine ya sentimeta 5 ikisukuma kubwa ya sentimeta 50 iliyofungwa katika gurudumu la nyuma hupunguza mara 10. Mbili mara kumi ni ishirini. Usidhani kwamba kupunguza mwendo ni kupoteza: kile kinachopungua katika mwendo huongezeka katika nguvu ya kupanda mlima, na mlima ndio uliokufanya uanze kazi hii.

Mkanda uutie kigurudumu cha kuukazia chenye wenzo mkononi. Ukivuta, mkanda unakaza na baiskeli inakwenda. Ukiachia, unalegea na injini yazunguka bure. Wafaransa waliouza baiskeli yao ya VéloSoleX tangu mwaka 1946, iliyokuwa na rola juu ya tairi la mbele, waliipa wenzo wa kuiinua injini isiguse tairi. Kwako wewe rola ilishikiliwa kwa springi usiku na mchana. Kadhalika weka swichi ya kuzimia usukanini, karibu na kidole gumba. Jenereta yako ilikuwa na swichi ya namna hiyo. Waya wake huupeleka umeme wa plagi katika chuma cha injini, nayo huzimika mara moja. Uliutupa pamoja na ule upande ulioungua. Uutafute.

Chupa ya plastiki ukaitupe leo. Tangi liwe la chuma, lenye kifuniko kinachoingiza hewa kidogo na bilula ya kufungia mafuta, tena likae mbali na bomba la moshi. Kama injini ni ya mapigo mawili, oili huchanganywa ndani ya petroli kwa kadiri iliyoandikwa na waliyoitengeneza. Penye kadiri ya 1 kwa 50, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Anayepunguza oili ili kuokoa senti ataipoteza pistoni.

SHERIA NAYO

Wengi hudhani kwamba baiskeli hubaki baiskeli hata ikitiwa injini. Sivyo. Katika Kenya, chombo chenye injini kikiingia barabara ya watu wote huhesabiwa kuwa chombo cha moto: chataka kuandikishwa, chataka bima, na mwenye kukiendesha ataka leseni na kofia ngumu. Kwa hiyo kijana na aijaribu ndani ya shamba lenu, na kabla hajaipeleka barabarani aende kwanza kuuliza kwa mamlaka ya usafiri na usalama. Bima si karatasi ya kumpendeza askari. Fikiri kwamba mtoto aliyevunjika mkono angekuwa wa jirani.

NENO LA MWISHO

Mzee wangu, sababu yangu ya pili ya kukuzuia ndiyo hii. Ukikivunja chuma hicho, kijana atajifunza kwamba kosa lake lilikuwa kuunda kitu. Hilo si kweli. Kosa lake lilikuwa kumpakia mtoto katika kitu asichokijaribu. Ukivunja, kosa lenyewe litabaki limefichwa ndani ya vyuma vilivyovunjika, na kesho atalirudia mahali pengine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini deni lazima lilipwe. Gharama ya hospitali kijana ailipe kidogo kidogo kutoka katika fedha za maziwa, hata kama wewe umekwisha kuilipa yote. Kazi za nyumbani za dada yake azifanye yeye mpaka mkono upone: kuteka maji, kuosha vyombo, kukata majani ya ndama, mbele ya macho ya vijana wenzake. Tena amwombe radhi mtoto kwa kinywa chake, asitume mtu.

Na siku ya kupima breki, mwite mtoto huyo akae karibu na mstari wa majivu, ashike daftari na kalamu kwa mkono ule mzima, aandike hatua. Bibi Sachi alikuwa na suruali iliyochafuka, naye alisema kweli. Huyu naye ana bendeji shingoni, na akisema kwamba hapo pana hatari, ninyi wanaume wawili msibishane naye. Hapana haja ya kumlazimisha kupanda tena; huenda hatapenda kupanda kamwe, na hiyo ni haki yake.

Vipimo vikiisha, nipelekeeni lile daftari. Sitaki picha ya baiskeli ikipanda mlima. Watu wengi wameiona ikipanda. Nataka kujua ilisimama katika hatua ngapi, kukavu na kwenye maji, nami nitazichapa hatua hizo hapa ili mafundi wengine wazisome.